Wastaafu wa Kiitaliano Malindi na riziki inayotegemea umri wa tajiri

MTALII na mstaafu wa kigeni huonekana kama mtu mmoja machoni pa wengi. Wote wawili hufuata jua na bahari, na wote hubadilisha yuro kwa shilingi. Lakini mtalii hulala hotelini majuma mawili kisha akaenda zake, ilhali mstaafu hununua nyumba, huajiri watu, hulijua jina la muuza samaki na huzeekea papo hapo. Athari zake kwa wenyeji ni za namna nyingine kabisa, na ni miji michache nchini inayozidhihirisha kama Malindi na jirani yake Watamu, katika Kaunti ya Kilifi.

Uhusiano wa Malindi na Waitaliano ulishika mizizi miaka ya 1960, Italia ilipojenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa mji. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini, mwaka wa 1967. Mnamo Desemba 12, 1970, ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Baada ya wahandisi walikuja wenye hoteli na mikahawa, na baada yao wazee waliostaafu. Kijana wa Malindi ambaye hakufika mbali shuleni huenda leo akazungumza Kiitaliano kwa ufasaha unaowashinda wasomi wa Nairobi.

Hesabu ya wazee hawa si ngumu. Pensheni inayomtosha mtu kwa shida mjini Milan humwezesha kuishi Malindi akiwa na mpishi, mtunza bustani na mlinzi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 nayo iliweka kibali cha daraja K kwa mgeni mwenye umri usiopungua miaka 35 na mapato ya uhakika, kwa sharti kwamba hatafanya kazi ya kulipwa. Kwa mujibu wa sheria, basi, huyu ni mtu wa kutumia fedha na kuajiri, wala si wa kumnyang'anya mwenyeji kazi.

Na fedha hizo hufika mbali. Paa la makuti halidumu. Kila baada ya miaka michache huezekwa upya, na makuti hayo hushonwa na akina mama vijijini. Wakati wa masika, hoteli zinapofunga milango na kuwaachisha wafanyakazi wa msimu, nyumba ya mstaafu haifungwi. Hata mwenyewe akienda kwao kwa miezi miwili, mlinzi sharti abaki langoni na bustani sharti ipaliliwe. Kwa familia nyingi, mshahara huo mdogo usiokatika una thamani kuliko bahashishi nono ya Desemba.

Upande wa pili wa shilingi ni ardhi. Wenyeji wengi hawakunufaika na mauzo ya ploti za ufuoni kwa sababu hawakuwa na hati. Sheria ya kikoloni ya mwaka wa 1908 iliwataka wakazi wa ukanda wa pwani wa maili kumi wathibitishe madai yao ya kumiliki ardhi. Waliofaulu hasa ni Waarabu, Waswahili na wafanyabiashara Wahindi waliokuwa na maandishi. Wamijikenda wengi, waliomiliki ardhi kwa ukoo na mila, wakageuka maskwota katika makonde yao wenyewe. Ploti inapouzwa, fedha humwendea mwenye hati, ambaye huenda haishi hapo. Anayelima mihogo hupata habari ukuta unapoanza kujengwa. Mvuvi naye hupata habari zake anapokuta njia aliyozoea kupitisha nyavu imezibwa, na afuo lililo mita mia moja mbele yake sharti alizungukie.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuliweka sawa jambo hili. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia iwapo tu hisa zake zote ni za raia. Hata milki za kudumu zilizokuwa mikononi mwa wageni ziligeuzwa kuwa za miaka 99. Baadhi ya wageni wakaona njia ya mkato: kuandikisha ploti kwa jina la mke au mpenzi Mkenya. Ndoa ya mzee wa miaka sabini na binti wa miaka ishirini na mitano husemwa sana vibarazani, lakini kinachoifikisha mahakamani aghalabu si mapenzi bali ni hatimiliki.

Kuna pia lawama ya biashara ya ngono. Uchunguzi wa UNICEF na serikali uliochapishwa mwaka wa 2006 ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakijihusisha nayo Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Wengi hukumbuka idadi hiyo na kusahau kwamba, kwa mujibu wa uchunguzi uo huo, kundi kubwa zaidi la wateja lilikuwa la Wakenya. Kuwatwika wageni peke yao mzigo huu ni kujisafisha.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kwamba tajiri, kama anavyoitwa mwajiri Pwani, ni mzee. Hoteli ikifilisika huwa na mrasimu na vyama vya wafanyakazi. Mstaafu akifariki, mlinzi aliyekaa langoni miaka kumi na minane hupigiwa simu na mtoto wa marehemu ambaye hajawahi kumwona, akaambiwa nyumba itauzwa. Machi 2020, Kenya iliposimamisha safari za ndege kutoka kaskazini mwa Italia kwa sababu ya korona, pwani ilionja kwa ghafla jinsi riziki hii inavyoweza kukatika.

Hata hivyo mlinzi huyo si mtu asiye na haki. Nyumba iliyoko Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya, hata kama marehemu alikuwa raia wa nchi nyingine. Mshahara ambao haukulipwa ni deni, na msimamizi wa mirathi anatakiwa kulipa madeni kabla ya kuwagawia warithi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na mwajiri asiyeweza kuuonyesha mahakamani ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi. Madai hayo sharti yawasilishwe kabla ya miaka mitatu kupita.