Mkono wa Damu (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeingia jeshi la Wajerumani na baba yake akiwa bado mtoto, akajeruhiwa Mahiwa mwaka 1917, ametua Berlin mwaka 1929 kudai mishahara yao ya uaskari. Wizara ya Mambo ya Nje imemjibu: umechelewa.

SASA ENDELEA...

Hakurudi nyumbani. Berlin ikamjua kama Bayume Mohamed Husen. Alibeba sinia Haus Vaterland, jumba la starehe pale Potsdamer Platz, na chuo kikuu akafundisha Kiswahili chini ya Profesa Diedrich Westermann. Kiswahili cha nini, na Tanganyika iko mikononi mwa Mwingereza? Wapo waliokuwa wakijiandaa kuirudia.

Watu wa sinema nao walikuwa na hamu hiyohiyo. Mwaka 1934 akaonekana kwenye filamu iliyosifu wapiganaji wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, kisha nyingine, na nyingine, hadi zikapita 20. Vijinafasi vyenyewe ni vya mtu mweusi wa kubeba mizigo au kusimama nyuma ya bwana. Tumlaumu? Mimi siwezi. Ana mke Mjerumani waliyeoana mwaka 1933, ana watoto, na kodi ya nyumba haisubiri heshima.

Ndipo ikaja kazi kubwa: filamu ya maisha ya Carl Peters. Ndiyo, Peters yuleyule, Mkono wa Damu, aliyewanyonga watu wake wa nyumbani kule Kilimanjaro hadi serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Sasa Wanazi wanamtaka awe shujaa. Hans Albers, nyota wa nyota, ndiye Peters. Husen ni Ramasan, kiongozi wa safari. Taa zinawaka, kamera inazunguka, na mwana wa Dar es Salaam anamwonyesha njia Mkono wa Damu aingie nchini kwao.

Filamu ikatoka mwaka 1941. Lakini nyuma ya kamera kulikuwa na jambo ambalo Husen alidhani ni siri ya watu wawili: mwanamke wa Kijerumani, asiye mkewe. Kwa Wanazi, hilo lilikuwa kuchafua damu.

Mwaka huohuo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata. Akangoja kusomewa mashtaka.

Hawakumpeleka mahakamani.

ITAENDELEA WIKI IJAYO