Kitufe Chekundu: Kinasa Sauti Mikononi mwa Asiyeona

Mwaka 1878, muda mfupi baada ya kuunda mashine yake ya kunasa sauti, Thomas Edison alitaja kazi kumi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya. Mojawapo ilikuwa vitabu vya kusikiliza, ambavyo kipofu angevipata bila taabu. Tangu hapo historia ya kinasa sauti na wasioona imesimuliwa kwa mkondo huohuo: Marekani ikaanza kusambaza vitabu kwenye santuri mwaka 1934, Uingereza ikafuata mwaka 1935, na asiyeona akaketi kusikiliza. Kwa Tanzania masimulizi hayo hayatoshi. Huku kilichoingia majumbani ni redio kaseti, na ilinunuliwa kwa ajili ya muziki na taarifa ya habari. Hakuna aliyekuwa na kipofu akilini. Hata hivyo ilikuja na kitu ambacho santuri haikuwa nacho, yaani kitufe cha kurekodi, mara nyingi chekundu, rangi ambayo mtumiaji ninayemzungumzia hakuihitaji. Nadai kwamba thamani ya chombo hiki kwa asiyeona ilikuwa kwenye kitufe hicho. Kabla ya kuwa kitabu chake, kilikuwa daftari lake.

Tuanze na umbali. Mtu wa Misima, wilayani Handeni, akitaka kumpeleka mtoto asiyeona shuleni Irente, anakwenda Korogwe, anafika Mombo, kisha anapanda milima ya Usambara hadi Lushoto. Irente ni shule ya Walutheri, nayo ilianza miaka ya 1960. Kabla yake ilikuwapo Buigiri, Dodoma, ya Waanglikana, tangu 1950. Mtoto aliyebahatika alijifunza nukta nundu, yaani breli. Lakini wengi wa wasioona hawakuzaliwa hivyo. Mtoto wa jicho, ambaye ndiye chanzo kikubwa cha upofu nchini, huwajia zaidi watu wa makamo na wazee, wakati ambapo vidole vimekwisha kuota sugu za jembe. Mkulima wa namna hiyo hapelekwi bweni. Akitaka kuweka kumbukumbu ya deni, ya mpaka wa shamba au ya maneno ya wazee, ama amwombe mtu amwandikie, ama aitunze kichwani. Redio kaseti ilimpa njia ya tatu, na haikumdai cheti.

Kaseti yenyewe, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, ilikubali vidole kuliko waundaji wake walivyokusudia. Vitufe vilipangwa mstari mmoja, vigumu, kila kimoja na mlio wake wa kushuka. Kurekodi kulitaka kubonyeza viwili kwa pamoja, kwa hiyo haikuwa rahisi kufuta kitu kwa bahati mbaya. Nyuma ya kaseti kuna vijilimi viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, mashine inakataa kurekodi upande ule. Mwenye macho hukisahau. Asiyeona hupitisha ukucha na kujua mara moja kama mkanda umefungwa au uko wazi, na kipande cha plasta kilichobandikwa upande wa kwanza kinamaliza kazi. Wasioona wa Marekani waliongeza ujanja mwingine: kila mwanzo wa sura walirekodi mlio mzito, ambao mkanda ukipelekwa mbele kwa kasi husikika kama mlio mwembamba, nao wakajua pa kusimama. Hapo msikilizaji ndiye anayepanga kurasa za kitabu chake.

Kurekodi na kurekodiwa ni mambo mawili. Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona kutoka kusini mwa Tanzania, alijulikana nchi nzima kwa sababu ngoma zake zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Pengine hakuna asiyeona wa Tanzania aliyesikika zaidi yake. Lakini mitambo ilikuwa studio, chini ya mafundi wa redio. Ukubwa wake wote kama msanii haubadilishi jambo hilo. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeweka redio kaseti mezani na kunasa mhadhara, kisha akamwomba mwenzake amsomee sura ya kitabu kwenye mkanda, hakusikika na yeyote, ila aliamua mwenyewe nini kibaki na nini kifutwe.

Kuna walimu wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Sikio halifundishi tahajia. Mtihani wa taifa hufanywa kwa nukta nundu, si kwa kaseti. Na kutafuta sentensi moja katika mkanda wa dakika 60 ni adhabu. Yote kweli. Wangeweza hata kuongeza betri. Wakati bidhaa zilipoadimika nchini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, betri zilianikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu, na mkanda uliorekodiwa kwa betri dhaifu, ukichezwa kwa betri mpya, humfanya mhadhiri alie kama kifaranga. Lakini hoja hiyo inamhusu mwanafunzi ambaye tayari ana nukta nundu. Kwake kaseti ni msaidizi, na asiiache breli. Kwa yule mkulima hapakuwa na breli ya kuacha.

Wengine watasema simu imemaliza mjadala. Imemaliza nusu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ulioanza mwaka 2013, umerudisha kitufe cha kurekodi kwa kila mtu, lakini juu ya kioo laini ambacho hakimwambii kidole chochote mpaka programu ya kusoma skrini iwashwe, na kuiwasha kwa mara ya kwanza mara nyingi hutaka mwenye macho. Vinasa sauti vya dijitali vyenye vitufe halisi na menyu inayotamkwa vipo, ila hutamka zaidi Kiingereza na lugha nyingine za kigeni. Mkataba wa Marrakesh, wa mwaka 2013 pia, ulilegeza hakimiliki ili wasioona wapate vitabu, nao, kama Edison, ulimwona asiyeona kuwa msomaji. Anayetaka kuandika kwa sauti yake, kwa Kiswahili au Kizigua cha Handeni, bado anasubiri mashine yenye vitufe halisi inayomwambia kwa lugha yake kwamba sasa inarekodi.