Chembe Tatu na Namba 22.7

Wanaisimu watuvumilie, safari hii tumeazima historia kutoka kwa wanafizikia. Mwaka 1935 L. H. Thomas alikokotoa chembe tatu zinazovutana kwa nguvu ya masafa mafupi. Kadiri masafa yalivyokaribia sifuri, nishati ya kuzishikamanisha ilikua bila kikomo. Akahitimisha kuwa nguvu hiyo lazima iwe na masafa fulani.

Mwaka 1970 Vitaly Efimov wa Leningrad alionyesha jambo geni zaidi: chembe mbili zinazofanana zikiwa karibu tu kushikana, tatu huweza kuunda mlolongo wa maumbo usio na mwisho, kila moja kubwa mara 22.7 kuliko lililotangulia. Wengi walitilia shaka.

Ukokotoaji wa masafa sifuri ulinusurika mwaka 1999, pale Bedaque, Hammer na van Kolck walipoongeza nguvu moja inayozihusu chembe zote tatu pamoja. Thamani yake huzunguka na kurudi palepale kila kipimo kinapobadilika mara 22.7. Mbinu hiyo ni rinomalizesheni. Sisi tungeiita usawazishaji upya, maana ndicho kinachofanyika. Ushahidi wa maabara ulitoka Innsbruck mwaka 2006, katika atomu za sesiamu zilizopozwa mno. Efimov alikuwa amesubiri miaka 36.