Kitufe cha Hariri

Ukurasa wa tovuti haukuzaliwa kuwa wa kusomwa tu. Kivinjari cha kwanza, alichokitengeneza Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1990, kilimruhusu mtu kusoma na kuandika mahali pamoja. Kilichoenea ulimwenguni ni Mosaic ya 1993. Ilipendeza kwa picha zake na ilifanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, ila haikumruhusu msomaji kuhariri ukurasa. Tangu hapo sisi watengeneza tovuti tumewazoesha watu kutazama.

Aliyemrudishia msomaji kalamu ni Mmarekani Ward Cunningham. Machi 1995 alifungua tovuti ambayo yeyote aliweza kuihariri. Januari 2001 Jimmy Wales na Larry Sanger wakauchukua utaratibu huo kuanzisha Wikipedia, kwa kuwa Nupedia, kamusi elezo yao ya wataalamu, ilikwama katika hatua nyingi za ukaguzi. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, Kenya na Tanzania zikitegemea intaneti ya satelaiti, ghali na ya kusuasua. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Waliotangulia waliandika kabla ya hapo, na ninawaheshimu sana.

Kazi yangu ya tovuti imenitembeza miji mingi, na kila niendako huisoma kwanza makala ya Wikipedia kuhusu mji huo kwa Kiswahili. Nikiikuta fupi, naiongezea. Kwa Kilwa Kisiwani nilitaka msomaji aipate Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, na ziara ya Ibn Battuta ya 1331, kila sentensi na chanzo chake. Kabla ya kuhifadhi hufungua historia ya ukurasa: nani aliandika nini, lini, na nini kiliondolewa. Katika vitabu vilivyochapwa sijawahi kuonyeshwa mabishano ya waandishi waziwazi namna hiyo.

Kwa hiyo mimi na vijana ninaowafundisha ufundi wa tovuti hatuanzi na rangi wala mpangilio. Kila mmoja huchagua makala ya kwao, hutafuta chanzo, kisha huongeza sentensi moja ya kweli. Fundi aliyewahi kuandika pamoja na wenzake asiowajua atawajengea wasomaji tovuti yenye nafasi ya kusema.