Kadi ya Mchango

Kama umekulia Temeke au Mwananyamala unaijua kadi ya mchango wa harusi. Inaletwa mpaka mlangoni na mjumbe wa kamati, jina lako limeandikwa kwa kalamu, na wewe unaahidi elfu ishirini ambayo huna. Siku ya shughuli ukifika ukumbini ukakuta pilau limekwisha, hununi kama mteja wa hoteli. Unanuna vingine. Hukununua sahani, uliingia katika jambo la watu, na jambo lenyewe limekutenga. Hasira ya namna hiyo iliwahi kuwakumba watu wengi kwa mpigo huko ughaibuni, na kilichowakasirisha kilikuwa hadithi.

Mwaka 1999 studio ya Marekani iitwayo Black Isle ilitoa gemu la kompyuta, Planescape: Torment. Vijana wa mabanda ya gemu ya kwetu Tandika, waliozoea mpira na ngumi, wasingekaa nalo dakika kumi, maana ni la kusoma. Unavaa uhusika wa mtu anayezinduka ndani ya nyumba ya maiti, hajui jina lake, na kila akifa anaamka tena. Mapigano yapo, lakini utamu wote uko kwenye mazungumzo. Halikuuza sana. Waliolipenda, hata hivyo, walilipenda kama tunavyoipenda ile riwaya tuliyoisomea chini ya dawati mwalimu akifundisha hesabu. Wakangoja la pili zaidi ya miaka kumi. Halikuja.

Februari 2012 kampuni ya Double Fine iliwaomba watu wa kawaida dola 400,000 kupitia Kickstarter, ikapata zaidi ya milioni 3. Matajiri wa magemu wakabaki midomo wazi. Mwaka huohuo Brian Fargo, bosi wa inXile, akapitisha bakuli kwa ajili ya Wasteland 2, likajaa. Halafu, hata Wasteland 2 haijakamilika, Machi 2013 akalipitisha tena: safari hii kwa Torment: Tides of Numenera, gemu lenye dunia nyingine lakini roho ileile ya 1999. Milioni ya kwanza ilitimia katika saa chache. Uchangishaji ulipofungwa zilikuwa dola milioni 4.18 kutoka kwa wachangaji 74,405, na gemu liliahidiwa Desemba 2014.

Hapa wewe unayetaka kuwa mwandishi vuta kiti. Fedha zilivyopanda ndivyo ahadi zilivyopanda nazo. Zikifika hapa, tunaongeza msafiri mwenza wa shujaa. Zikifika pale, tunaongeza mji, mji wa maji katikati ya jangwa uitwao Oasis. Mtu aliyekwisha kutoa anasoma hivyo, anatoa tena. Na anayeahidi ni mwepesi wa kuahidi, maana siku hiyo bado hajaandika kitu.

Katika riwaya ukiongeza mhusika unaongeza sura mbili tatu, basi. Katika gemu la aina hii anayecheza ndiye anayechagua. Anaweza kumchukua mhusika huyo tangu mwanzo, akamwacha njiani, akamsaliti, au asikutane naye kabisa. Kwa hiyo kila tukio lililokwisha kuandikwa lirudiwe, liulizwe: huyu naye angesema nini hapa? Ni uzi unaopitishwa kwenye nguo nzima wakati nguo imeshashonwa. Gemu hilo liliishia na maneno zaidi ya milioni moja.

Desemba 2014 ikapita kimya. Ikapita 2015, ikapita 2016. Likatoka tarehe 28 Februari 2017, lakini moto ulikuwa umeshawaka Januari, pale wachangaji walipotambua kwamba Oasis haimo kama mji mkubwa wa pili, kwamba wasafiri wenza wamepunguzwa, na kwamba tafsiri ya Kiitaliano imefutwa. Kampuni ikakiri kwamba ilipaswa kusema mapema.

Mimi nimelicheza, kwenye laptopu ya mshikaji wangu mmoja wa Mwananyamala, usiku wa umeme wa kudonoadonoa. Na nitasema jambo litakaloniletea matusi: kukata Oasis huenda kulikuwa sawa. Nafasi yake ilichukuliwa na Bloom, mji ulio ndani ya dude lenye uhai, ambalo linakula. Mle ndani nilisahau kula mwenyewe. Mwandishi ana haki ya kukata. Asiyekata si mwandishi, ni karani. Mmoja wa walioachwa, Oom, hata alirudishwa bure baadaye mwaka huohuo. Wahakiki wengi walilisifu.

Lakini yule Mwitaliano simtoi akilini. Alitoa fedha yake aisome hadithi kwa lugha ya mama yake, akaja kuambiwa mlangoni kwamba aisome kwa ya wenzake. Sisi wa Kiswahili tumezoea. Hatujui hata ladha ya kuahidiwa. Yeye aliahidiwa. Na angeshtaki kama nani? Hakuwa na hisa. Novemba 2018 Microsoft ilipotangaza kuinunua inXile, waliochanga hawakuwa na fungu lao, kama vile kadi ya harusi isivyokupa chumba katika nyumba ya maharusi.

Usidhani ni ugonjwa wa kompyuta. Mwaka 1756 Samuel Johnson wa London, yule wa kamusi, aliwachangisha watu kwa ajili ya toleo lake la tamthilia za Shakespeare, akaahidi kulitoa mwishoni mwa 1757. Likatoka 1765! Katikati, mshairi Charles Churchill alimchoma hadharani kwa kula fedha za watu bila kitabu. Inasimuliwa kwamba Johnson alipoulizwa mbona hachapishi orodha ya waliochanga, alijibu kwamba majina ameyapoteza na hela ameshazitumia. Watu wanacheka na kumsamehe, kwa sababu ni Johnson.

Mimi si Johnson. Nilikuwa nauza hadithi kwa WhatsApp, sehemu kwa sehemu, wasomaji 43, kila mmoja shilingi 2,000 kabla sijaanza. Niliahidi sehemu thelathini. Niliahidi pia kwamba mbele tutavuka hadi Pemba, na huko siri ya Bi Mwajuma itafunguka. Hela ikaenda nusu kodi ya chumba, nusu bando. Nilipofika mlango wa Pemba nikagundua sina la kuandika, kwani sijawahi kupanda boti, wala sijui Wete kunanukia nini asubuhi. Sehemu ya ishirini na mbili nikamwozesha shujaa harakaharaka, nikaandika MWISHO kwa herufi kubwa, nikaingia mitini.

Siku ya tatu dada mmoja wa Mtoni akaniandikia. Hakudai hela. Aliuliza: "Na Bi Mwajuma aliishia wapi?" Nikausoma, na tiki za buluu zikamwonyesha kwamba nimeusoma. Wiki mbili nzima sikujibu. Ndizo wiki ambazo mshikaji wangu alinipa lile gemu, akanisimulia na kisa chake.

Nilipomjibu nilimweleza ukweli wote, boti na bando. Akaleta sauti ya sekunde tisa, na nyuma yake kondakta wa daladala anaita Mbagala:

"Sasa si ungesema, mdogo wangu? Mimi nina shangazi Wete."

Namba ya shangazi ninayo. Vocha nimeweka tangu juzi, sijapiga bado.