Kijiti Cheusi Ndani ya Redio
Historia ya redio nchini Tanzania, tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, imeandikwa zaidi kwa majina ya watangazaji na bendi, ilhali kifaa kilichowezesha matangazo kusikika Temeke na Magomeni bila waya mrefu juu ya paa hakitajwi. Ni kijiti cha feriti, kilichozungushiwa nyaya nyembamba za shaba, ambacho fundi redio hukiona mara afunguapo kasha.

Feriti ni kauri yenye usumaku, inayookwa kutokana na oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, pamoja na oksidi za metali kama zinki na manganizi. Chuma cha kawaida hufaa katika transfoma za umeme wa majumbani, unaotetemeka mara 50 kwa sekunde. Lakini kikikutana na mawimbi ya masafa ya kati, yanayotetemeka zaidi ya mara 500,000, huzuka ndani yake mikondo ya umeme inayogeuza nguvu ya wimbi kuwa joto. Feriti hupitisha umeme kwa shida mno, hivyo huepuka hasara hiyo huku ikikusanya sumaku ya wimbi ndani ya nyaya zilizoizunguka. Waliovumbua feriti za kutumiwa hivyo, mwaka 1930, ni Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Chuo cha Teknolojia cha Tokyo, na kampuni ya TDK iliundwa mwaka 1935 ili kuuza matunda ya maabara yao.

Baadaye J. L. Snoek wa maabara za Philips, Uholanzi, alionyesha kwamba feriti nayo ina kikomo: usumaku wa atomi huyumba kama pia, na kadiri kauri inavyovutwa kwa wepesi na sumaku ya wimbi, ndivyo inavyoshindwa mapema mitetemo inapoongezeka.

Kampuni nyingine ya Kijapani, Matsushita, ilifungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kikatoa betri na redio za National. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya usikilizaji, isingewezekana bila redio ndogo zenye kijiti cha namna hiyo. Msikilizaji aliyeigeuzageuza redio yake hadi sauti ikae sawa hakuwa akibahatisha, kwani kijiti hunasa vizuri kikilala mkingamo na upande yatokako mawimbi.

Stesheni za FM, zilizoenea miaka ya 1990, hutumia mitetemo karibu milioni 100 kwa sekunde, kiwango ambacho kijiti kile hakikimudu, na antena ya kuvuta ikachukua kazi yake. Feriti yenyewe ikahamia kwenye transfoma ndogo za chaja za simu.