Chai baridi nje ya geti la Mwadui

Hadithi inayopendwa husema chai ya barafu ilizaliwa mwaka 1904 kwenye maonesho ya dunia ya St. Louis, Marekani, Richard Blechynden alipoona hakuna anayetaka chai ya moto katika joto lile. Hadithi tamu, ila si kweli. Marion Cabell Tyree wa Virginia alikwisha kuchapisha maelekezo yake kwenye kitabu cha mapishi mwaka 1879.

Huku kwetu, mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walikuwa wakijaribu miche ya chai Amani, Usambara. Kilimo cha biashara kilianza 1926. Kwa hiyo John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, Tanganyika ilikuwa tayari inalima chai yake.

Barafu ni habari nyingine. Ilitaka umeme, na umeme ulikuwa ndani ya uzio wa mgodi. Nyumbani kwetu Maganzo, nje ya geti, chai baridi ilikuwa turungi iliyolala kwenye birika tangu asubuhi. Mchana tulishushia michembe.

Je, ilitujenga? Faida yake kubwa, nadhani, ni ile isiyotajwa kwenye matangazo: maji yake yamechemshwa. Kwa jua la Shinyanga hilo si dogo. Nguvu tuliyoisikia ilitoka kwenye kafeini na sukari, maana majani yenyewe karibu hayana kalori. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ni kama gramu 12, na chai ya baridi hudai zaidi, kwa kuwa ubaridi hufifisha utamu ulimini.

Kisha kuna suala la damu. Dada yangu alipokuwa mjamzito, kliniki walimwambia damu imepungua. Alikuwa akila maharage na mboga za majani kila siku, lakini kila mlo aliusindikiza na chai. Tanini za chai hushikana na madini ya chuma yatokayo kwenye mimea, yasipite kwenda kwenye damu. Iwe ya moto au ya barafu, ni yaleyale.

Nesi hakumkataza. “Mama, subiri kwanza saa moja baada ya kula,” alimwambia. Wakati wa chakula anywe maji ya ubuyu, yenye vitamini C inayosaidia mwili kufyonza chuma. Vidonge akavimeza kwa maji. Chai akaisogeza hadi saa kumi jioni, ikiwa na ndimu.